Mwenye Chigayo Aliyetufundisha Kutoutazama Mpira

Mwenye chigayo wa barabara ya Kafutuma amefariki. Habari nilipewa sokoni na mama mmoja anayeuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Mweru, wala hakuanza kwa kunipa pole. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama juu ya karai lake na kuniambia kwa sauti ya chini, "Ule mutu wa chigayo amekufa juzi. Ile siri yake amekwenda nayo." Kisha akaendelea kumpimia mteja samaki kana kwamba hajasema kitu. Nilisimama pale na mfuko wangu mkononi. Wasomaji wangu wa miaka mingi mnajua kwamba safu hii si ya kuwaombolezea wakubwa. Marehemu hakuwa mkubwa. Lakini hakuna mtu mwingine upande huu wa ziwa ambaye nimemshuku kwa muda mrefu kama yeye huku nikiendelea kumpenda, na ningekuwa mnafiki nikimwacha azikwe bila kuyaeleza hayo.

Chigayo, kwa wasioishi huku, ni kile kinu cha injini kinachosaga mihogo mikavu kuwa unga. Alikiendesha tangu ujana wake, baada ya kuvuka kutoka Kongo wakati wa vita pamoja na maelfu ya wengine. Injini ile ilimharibu masikio. Ukizungumza naye alikutazama mdomo, na ukinyamaza alikutazama miguu, mpaka unajiuliza kama viatu vyako vina kasoro. Alioa mwanamke wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, si ile Kilwa ya pwani, na ndoa hiyo ikamweka mahali pabaya. Wenyeji wa hapa Nchelenge walimwona Mkongo. Wakongo wenzake walimwona mtu aliyepata shamba na kinu haraka mno. Watu wa kisiwani walimwita mkwe, na mkwe hapewi siri zote. Nasi watu wa ufuoni tuna ugonjwa wetu ambao haupatikani zahanati. Serikali inapofunga uvuvi ili samaki wazaliane, na boti ya doria ikamkamata mtu na nyavu zake, hatuulizi kwa nini alikwenda kuvua. Tunauliza nani alimsema. Na tukishauliza, macho hutafuta mtu mwenye ndugu pande mbili.

Miezi hiyohiyo ya kufungwa ziwa ndiyo miezi ya mpira. Wavuvi hawana kazi, mvua inalainisha uwanja, na kila kijiji kina timu. Sisi tulikuwa na timu nzuri, mimi nikiwa kipa, na marehemu ndiye alikuwa kocha wetu. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyejua kuwapanga mabeki kama yeye, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Shida yetu ilikuwa Kilwa.

Timu ya Kilwa ilicheza mpira ambao sijauona mahali pengine, hata leo ambapo vijana wanatazama mechi za dunia nzima kwenye simu. Uwanja wao ulikuwa kipande cha mchanga kati ya nyumba na maji. Ukipiga mpira juu, upepo unaubeba ziwani, na mtu lazima aufuate kwa mtumbwi. Basi wakaacha kupiga pasi za juu, na mwishowe wakaacha karibu kila pasi. Walikimbia nao. Watano walisimama bega kwa bega mbele ya mpira, kama watu wanaovuta wavu mmoja, na mwenye mpira nyuma yao. Mpira ukiguswa, ukuta ule ulipasuka. Mmoja akakimbilia kulia, mwingine akampita mgongoni kwenda kushoto, wawili wakaja katikati, wote wameinama kama kila mmoja anao mguuni. Wakaitana majina ya uongo ili uamini mpira uko kwingine. Beki anamvamia huyu, kumbe hana kitu. Anageuka, na mwenye nao ameshapita. Wakati unauona mpira, umeshachelewa. Walitufunga hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila mara tulirudi nyumbani tukisema kuna dawa wamefukia golini.

Marehemu hakuamini dawa. Mwaka ninaousimulia alikuja mazoezini, akauchukua mpira, akaukalia kwenye ukingo wa uwanja na kusema tutafanya mazoezi bila huo. Tukadhani anatania. Akawapanga washambuliaji wetu wakimbie kama Kilwa, wakikatizana, wakipiga kelele, na mabeki wawazuie. Wawazuie wasifanye nini, ikiwa mpira haupo?

"Ba kochi," alisema beki wetu wa kulia, mvuvi wa kabila la Wabemba mwenye kifua kipana na mdomo mwepesi, "mupira iko wapi? Tutalinda upepo?"

"Mupira inakudanganya," marehemu akamjibu. "Mutu hawezi. Mutu akikuja kwako, ni wako. Iko nayo, haiko nayo, ni wako. Akienda kuoga, umufuate mpaka ku bafu."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akaeleza mpango wake, na huo ndio mpango pekee ninaoujua unaoweza kuzuia timu ya namna ile. Mabeki wa pembeni wasiingie ndani hata wakiona goli linawaka moto, kwa sababu kukimbia kote kule katikati ni njama ya kuwavuta ili pembeni pabaki wazi. Wa katikati kila mmoja ana mtu wake, hamwachi, habadilishani. Asiwepo mtu wa kwenda kumsaidia mwenzake. Hilo la mwisho ndilo lililowakera. Tumelelewa kusaidiana, naye anatuambia tusisaidiane.

"Na mwenzangu akipitwa?" aliuliza beki wa kulia.

"Hapitwe."

"Nani anajua?"

Marehemu alimtazama miguu. "Njo hapo," akasema, yaani ndipo hapo. "Weye haumuamini. Kilwa banakula hapo."

Maneno hayo niliyakumbuka baadaye, kwa sababu siku chache kabla ya fainali yetu na Kilwa habari ilizagaa kwamba kocha wetu ameonekana akivuka kwenda Kilwa na boti ya abiria, Jumamosi asubuhi, bila mke wake. Mvuvi mmoja alimwona huko amekaa na nahodha wa timu yao, wanakula ubwali, ugali wetu wa huku, na samaki sahani moja. Nahodha huyo alikuwa kaka wa mke wake, kwa hiyo kula naye hakukuwa kosa. Lakini kwa nini wiki ile? Na kwa nini aliporudi alikuwa anachechemea, magoti na viwiko vimechubuka, na alipoulizwa alisema ameteleza kwenye boti? Mimi nilimwona akishuka. Mtu aliyeteleza mara moja haumii magoti yote mawili na viwiko vyote viwili.

Mechi ilichezwa kwetu, mvua ikinyesha nyepesi, na watu walijaa mpaka juu ya paa la stoo ya samaki. Kilwa walianza kama kawaida yao. Ukuta, mpasuko, kelele. Mara ya kwanza tuliwazuia, mara ya pili pia. Nilikuwa golini na kwa mara ya kwanza niliona jambo geni: wakimbiaji wa Kilwa wakigongana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu kila aliyetaka njia alikuta mtu amesimama. Kisha, karibu na mapumziko, watatu wakaingia katikati kwa kishindo, na beki wetu wa kulia akaona kama mwenzake amezidiwa. Akaingia ndani kusaidia. Alikuwa hajamaliza hatua zake pale winga wao alipotokea pembeni, peke yake, na mpira mguuni. Nikatoka kumkabili, nikajitupa. Yeye hakupiga. Alisimama kidogo, akaningoja nifike chini, akausukuma polepole upande mwingine.

Wakati wa mapumziko nusura wapigane.

"Umetuuzisha!" beki wa kulia alimpigia kelele marehemu, karibu kabisa na uso wake, maana alijua masikio yake. "Ulienda kula kwao. Sasa unatuambia tuache mupira, tuangalie batu! Nani anachezaka mupira bila kuangalia mupira?"

Tulinyamaza, na ukimya wetu ulimshuku kuliko kelele za yule. Marehemu alijipangusa mvua usoni. Nilitazamia aape, atukane, aondoke. Hakufanya hata moja.

"Mulisimama, hawakupita," alisema. "Ulitoka, bakapita. Kama unanishuku, bon, nishuku. Lakini unishuku umesimama pa nafasi yako."

Sijui kama ni maneno yale au ni aibu, lakini kipindi cha pili mabeki wetu walisimama. Niseme ukweli wa mtu aliyekuwa golini: sikugusa mpira wa hatari hata mmoja. Kilwa walikuja na ukuta wao wakakuta watu. Wakabadilisha upande, wakakuta watu. Wakaitana majina ya uongo, na hakuna kichwa kilichogeuka. Unaweza kuona timu inapoanza kujishuku yenyewe. Wakimbiaji walianza kutazamana kabla ya kukimbia, na wakimbiaji wanaotazamana hawakimbii. Sisi tukasawazisha kwa kona, kwa kichwa cha beki huyohuyo wa kulia, na uwanja ukawaka. Mchezo ukaisha sare. Tukaenda kwenye penalti.

Mpigaji wao wa kwanza alikuja, akasita. Nilikuwa nimeshaanguka. Wa pili akasita vilevile. Alipokuja wa tatu nilijua kwamba wanajua. Mimi nilikuwa na tabia ya kujitupa mapema upande wa kulia, tabia ambayo mwili ulifanya kabla sijauamuru, na hakuna mtu wa Kilwa aliyewahi kukaa karibu nami kiasi cha kuijua. Niligeuza kichwa kumtafuta kocha wetu. Wengine wote walikuwa wanautazama mpira. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Tukafungwa.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Wanawake wakaanza kupeleka mihogo kwenye chigayo cha mbali, wakitembea na mabeseni kichwani kupita mlango wake. Usiku mmoja mtu akarusha mawe juu ya bati la kinu. Shemasi wa kanisa letu, mzee mpole asiyependa ugomvi, alimwendea mchana kweupe mbele ya watu, mimi nikiwepo, akamwambia kuna njia rahisi ya kumaliza maneno. Ashike Biblia, aape kwamba hakuiuza timu.

"Siwezi kuapa, batata," marehemu akasema, akimwita baba kwa heshima.

"Juu ya nini hauwezi? Kama haukufanya kitu, unaogopa nini?"

"Siwezi kuapa."

Shemasi akaondoka na Biblia yake, na kuanzia siku ile hata waliokuwa na shaka ya huruma walikuwa na uhakika. Timu ikamwacha. Mimi nami niliamini kuna kitu, na siombi radhi kwa hilo, maana kulikuwa na kitu kweli.

Kilichonichanganya ni kwamba baada ya miezi michache alikuja nyumbani kwangu na mpira. Hakuingia. Alisimama uani akasema, "Kipa, twende." Nikamwuliza wapi. Akaelekeza kwenye uwanja wa shule. Huko akaniweka golini na kuanza kunipigia, mguu wake ukiwa mzito, shabaha mbovu, na kila alipokaribia kupiga alikuwa anasimama. Nikianguka, alirudisha mpira bila kupiga. "Ngojea," alisema. "Ngojea yeye aanguke." Tulifanya hivyo jioni nyingi za kiangazi kile. Nilidhani ananitafuta niwe shahidi wake, nimtetee kijijini. Nilidhani pia anataka kujua zaidi juu yangu apeleke Kilwa. Nilimtazama kila jioni nikitafuta kinachomsukuma, na sikukipata. Nilichopata ni kwamba ile tabia ilinitoka. Nilidaka miaka mingi baada ya hapo, na Kilwa hawakunipata tena kwa njia ile. Sikumshukuru, kwa sababu sikujua ninamshukuru kwa lipi.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nilipokwenda kwenye kilio wiki iliyopita. Kwaya ilikuwa inaimba, wanaume wamekaa kwenye magogo, wanawake ndani na mjane. Karibu na saa sita boti ilifika, na watu wa Kilwa wakapanda kutoka ufuoni wengi kuliko tulivyotarajia. Nilimwona beki wetu wa zamani wa kulia, sasa mtu mwenye mvi na tumbo, akiwahesabu kwa macho. Nilijua anafikiri nini, maana nami nilikuwa nafikiri hilohilo. Mkwe haliliwi hivyo na kisiwa kizima.

Nahodha wa zamani wa Kilwa, shemeji wa marehemu, aliomba kusema neno kabla ya kwenda makaburini.

"Huyu mutu alikuja kwetu Jumamosi moja," alianza, "mbele ya ile mechi. Akavua viatu. Akasema, shemeji, munipitie. Tukacheka. Tukamupita, akaanguka. Akaamuka, akasema, tena. Siku muzima. Tulimupita sawa mbuzi, anaanguka, anaamuka, anatuangalia miguu. Masikio yake haisikie ile makelele yetu, njo alituona vizuri. Pa mangaribi nikamupa chakula. Nikamwambia, shemeji, umekula mupira yetu na ubwali yetu, sasa unatuachia nini?"

Hata ndani, wanawake waliacha kulia.

"Akakatala kwanza. Nikamwambia, basi kesho nitabadilisha mambo yote, hautajua kitu. Njo akasema: kipa wetu anaangukaka mbele ya mupira kupigwa, mukono ya kuume. Mumungojee tu. Halafu akasema, lakini hamutamufikia."

Beki wa kulia alisimama kutoka kwenye gogo. "Nilisema!" alipaza sauti. "Tangu ile siku nilisema! Mukasema nina mudomo!"

Na ni kweli, alisema. Miaka yote ile nilibeba penalti zile kama kitu kilichoandikwa usoni mwangu, na kumbe ni marehemu aliyeitoa siri yangu. Kama angekuwa hai ningemwendea kwenye kinu na kumshika shati. Lakini alikuwa ndani ya sanduku, na kabla sijajua la kufanya na hasira yangu mjane alitokea mlangoni, kitenge kimefungwa kiunoni, macho yamevimba. Hakumtazama kaka yake. Alimtazama beki wa kulia.

"Na weye," alisema, "ulitoka pa nafasi yako."

Beki wa kulia akaketi tena kwenye gogo.

Baada ya mazishi nilimvuta nahodha pembeni. Mimi ni mtu wa kushuku, na maneno yanayosemwa juu ya maiti huwa nayapima mara mbili, kwa sababu maiti hakanushi. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote watu wakimpigia shemeji yake mawe.

"Alinikataza," akasema. "Alisema, ukisema, kipa atajua nilimuuzisha, atachukia mabeki na kochi na bote, haitakuwa tena ekipe, haitakuwa tena timu. Banichukie miye peke."

Inawezekana. Inawezekana pia nahodha alinyamaza kwa sababu ushindi wake ulikuwa mtamu zaidi ukiwa hauna maelezo. Sijui. Na kuna jambo moja ambalo hakuna wa kunijibu: kama marehemu alipoitoa siri yangu alifikiria penalti hata kidogo, au alihesabu tu kwamba ukuta wake wa mabeki utanifunika na neno lile halitatumika kamwe. Kuna siku ninaamini alisahau, kama mtu yeyote anavyosahau. Kuna siku nasema mtu aliyekuwa anatazama miguu ya kila kiumbe hakusahau. Sasa najua kwa nini alinipeleka kwenye uwanja wa shule, na hilo halijibu swali, ila linaniambia kwamba deni hilo alilitambua bila kudaiwa.

Nimeyafikiria haya siku zote hizi, nikiona jinsi tunavyoishi ufuoni. Tumekuwa hodari wa kunusa. Mtu akivuka maji tunajua. Akila na nani, tunajua. Akirudi anachechemea, tunajua goti lipi. Na mara nyingi hatukosei, jambo ambalo ndilo la hatari, kwa sababu anayepatia mara moja hudhani ameona kila kitu. Tuliona kwamba marehemu anaficha kitu, na alikuwa anaficha. Tukaona kwamba Kilwa wamepewa neno, na walipewa. Hatukuona mtu mzima akianguka mchangani siku nzima, mbele ya watu wanaomcheka, ili mabeki wa kijiji kisichomwamini wajue pa kusimama.

Shemasi alitaka aape kwamba hakuuza timu. Marehemu hakuweza kusema ndiyo bila kusema uongo, wala kusema hapana bila kusema uongo mwingine, na alikuwa mcha Mungu kuliko sisi tuliomletea Biblia, basi akanyamaza na kupokea mawe. Laiti mmoja wetu angeketi kwenye gunia la mihogo, injini ikiwa imezimwa, na kumwuliza Jumamosi ile ilikuwaje, nadhani angeeleza. Hilo swali lilikuwa na jibu. Tulimletea swali lisilo na jibu, kisha tukamhukumu kwa ukimya wake. Sisemi watu wa Mweru waache kushuku. Nisingeweza, na mimi mwenyewe sitaacha. Ninachosema ni kwamba anayemshuku jirani yake anapaswa kumwendea akiwa tayari kusikia maelezo marefu, na kukaa hapo mpaka yaishe.